Neno Chini ya Karai

Juzi nilikuwa namwagia maji majivu ya jikoni yasipeperushwe na upepo, na ile harufu ikanipanda puani. Mnaijua, harufu ya jivu likilowa, chungu-chungu, inakaa kooni kama umelamba msumari. Nikasimama na kopo mkononi. Mtoto wangu akaniuliza, "Mama, uko na nini?" Nikamwambia sina kitu. Lakini macho yangu yalikuwa yameshakwenda chini yenyewe, kuangalia nisiwe nimekanyaga neno.

Ninyi wa rika langu mtanielewa. Tuliingia shule Uhuru ukiwa bado mchanga, kila mzazi akitaka mtoto wake asome hata kama ni kwa kusimama. Shule yetu ilikuwa Nyeri mjini, upande wa chini, karibu na msikiti, jengo la mbao na mabati ambalo asubuhi unaiona pumzi yako ndani yake kama moshi. Tulikuwa watoto wa kila namna, Wakikuyu wa vilimani kama mimi na watoto wa Waislamu wa mjini, kwa hiyo tulifundishwa kwa Kiswahili ili tupate taabu sawasawa. Vitabu vilikuwa vichache, vibao vya kuandikia vichache zaidi. Basi mwalimu wetu, Mwalimu Zubeda, mama wa mjini mwenye leso kichwani na sauti ya chini, akatuambia kila mtu alete kutoka kwao sahani ya bati na jivu la kuijaza.

Tulicheka. Jivu ni la kumwaga, au la kusugulia sufuria. Lakini tulilileta, naye akalichekecha mpaka likawa laini kama unga, akatutandazia kila mtu kwenye sahani yake. Hapo ndipo tulipoandika. Kwanza yeye analiandika neno ubaoni, kubwa. Sisi tunalichora hewani kwa mkono mzima, bega na yote, huku tunalisema. Halafu kwa kidole juu ya jivu. Halafu tunafunga macho na kuliandika tena gizani. Ukimaliza unashika sahani pande mbili, unaitikisa kidogo, neno linazama na jivu linakuwa jipya. Hakutaka tusome herufi moja moja kama mtu anayechambua maharagwe. "Neno lina uso," alituambia. "Ukimwona mama yako sokoni, unaanza na pua, uende kwa sikio, ndiyo umjue? Unamjua tu. Basi na neno lijueni uso."

Hilo la uso liliniingia kupita kiasi. Nilikuwa mtoto wa kuota mchana. Hata mawe ya njia ya kwetu nilikuwa nimeyapa majina, na jiwe moja nililisalimia kwa heshima kwa sababu lilikuwa na mvi. Sasa naambiwa maneno nayo yana nyuso. Nilifurahi. Neno *maji* nililiona limelala vizuri, halina ugomvi na mtu. Neno *mama* lilikuwa na mabega mapana kama mtu aliyebeba kuni. Nilikuwa nikiyaandika kila mahali, kwenye umande wa majani mapana, kwenye mgongo wa mbuzi, na kwa kidole juu ya uji kabla sijaunywa.

Halafu siku moja tukafika kwa *baba*.

Niliandika macho yakiwa wazi, nikaandika macho yakiwa yamefungwa, na nilipoyafungua nikalikuta limekaa pale kwenye jivu limenyooka, zuri kuliko maneno yangu yote. Mwalimu akasema, "Haya, tikiseni." Nikatikisa. Neno likazama. Kariuki, mtoto wa fundi viatu aliyekaa karibu nami, akaniinamia sikioni.

"Umeua baba yako," akasema.

"Hata wewe umeua yako."

"Mimi sijatikisa. Angalia." Na kweli, sahani yake ilikuwa bado na neno. "Baba yangu iko. Yako ndiyo imeenda."

Ilikuwa mzaha. Kariuki alikuwa mtu wa mizaha, na mpaka mapumziko alikuwa ameshasahau. Lakini mimi nilitembea na maneno yale mlima mzima wa kurudi nyumbani, kama mtu aliyebeba yai mfukoni.

Baba yangu alifanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao huko msituni, mbele ya Nanyuki. Alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Alipanda gari la moshi mpaka Kiganjo, akashuka, akatembea mpaka kwetu akinuka utomvu wa miti na moshi wa gari. Mimi ndiye binti wake wa kwanza, na kwa desturi yetu binti wa kwanza hubeba jina la mama wa baba. Kwa hiyo nilikuwa na jina la cucu, bibi yangu tuliyeishi naye, na baba hakuniita kwa jina hilo hata siku moja. Aliniita *maitu*, yaani mama yangu. "Maitu ameshinda vipi?" angeniuliza, na mimi mwenye kamasi ningemjibu kwa sauti ya mtu mzima kwamba nimeshinda salama, mwanangu.

Siku ile nilimkuta cucu uani, ameketi kwenye kigoda akipukuchua mahindi. Nilitaka kumwonyesha. Nilitaka pia, nafikiri, kumrudisha baba pale nilipomtoa. Nikafagia kipande cha udongo mbele ya miguu yake, nikainama, nikaandika.

"Hicho ni nini?" akauliza.

"Ni baba, cucu. Nimemwandika."

Mahindi yaliacha kuanguka kwenye ungo. Cucu alikuwa mwanamke mrefu, na aliposimama alinifunika jua.

"Umemwandika nani?"

"Baba."

"Nani alikutuma? Alikuja na askari?"

"Ni mwalimu, cucu. Tumeandika wote."

"Wote," akasema. "Watoto wote wa shule wamewaandika baba zao." Akatazama barabarani, kama anayengoja kuona vumbi.

Niliogopa uso wake. Nikanyoosha mkono nilifute neno ili yaishe. Akanidaka kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Usifute."

Na hapo, akiwa bado amenishika, akaniambia jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwa likisemwa. Wakati wa hali ya hatari, mkoloni alipokuwa akiwasaka Mau Mau, watu wa kijiji kizima walikusanywa uwanjani. Akaletwa mtu aliyefunikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho, na watu wakapitishwa mbele yake mmoja mmoja. Gunia likitikisika, karani anaandika. Babu aliandikwa. Baba yangu, akiwa kijana, akaandikwa. Wakapandishwa lori. Baada ya muda mrefu akaja karani mwingine na karatasi, akaweka kalamu juu ya jina la babu, akalipitishia mstari, akasema huyu tumemfuta, msimngoje.

"Walioandikwa, wengine walirudi," cucu akasema. "Baba yako alirudi. Waliofutwa hakurudi hata mmoja."

Basi lifanyweje neno lile? Kuliacha lionekane hataki, kulifuta hataki. Kuku walikuwa wakizunguka. Cucu akaingia nyumbani, akatoka na karai la mama, lile kubwa la bati la kuogea, akaligeuza na kulifunika juu ya neno. Juu ya karai akaweka jiwe. Kisha akaketi na kuendelea na mahindi yake, ila punje sasa zilikuwa zinarukia nje ya ungo.

Sikumwambia kwamba shuleni nilikuwa nimeshamtikisa. Ningeanzia wapi?

Mama alirudi jioni kutoka sokoni, ambako aliuza viazi. "Karai yangu iko wapi?" akauliza. Cucu akamwonyesha kwa kidevu. Mama akasikiliza maelezo yote akiwa amesimama na mzigo mgongoni, kisha akacheka mpaka akalazimika kuushusha.

"Mama," akamwambia cucu, "huyu ni mtoto amechora mchanga."

"Mwanangu atakapofika Jumamosi hii ya mwisho wa mwezi, ulichukue."

"Na mpaka Jumamosi tuoge na kijiko?"

Lakini hakuligusa. Tulioga kwa sufuria, na mama alinitania kila alipopita pale uani, akiliambia karai, "Shikamoo, mume wangu." Mimi nilicheka naye, nikipita mbali.

Jumamosi ilifika. Niliketi juu ya ukuta wa mawe tangu mchana, nikiangalia ile kona ambapo baba hutokea. Kwanza huonekana kofia, kwa sababu njia inapanda, halafu mabega, halafu mtu mzima. Zilionekana kofia nyingi siku ile. Kila moja ilikuwa na mabega ya mtu mwingine. Ukungu ukashuka kutoka mlimani ukaifunika kona, na mama akaniita ndani.

Jumapili mama hakulitania tena karai. Hicho ndicho kilichoniogopesha kuliko yote. Nilimwona akienda kuchota maji, akafika pale ambapo angepita karibu nalo, akazunguka upande wa mbali, kama mimi.

Jumatatu cucu akasema siendi shule. Mama akachukua mzigo wake wa viazi, akaenda sokoni.

Huenda mmesahau hofu ilivyo na kazi nyingi kwa mtoto. Nilikuwa askari wa karai lile. Nilifukuza kuku, nilifukuza mbuzi, nilimfukuza hata mdudu. Mvua ilipokuja niliweka udongo kuzunguka ukingo wake ili maji yasipenye. Nikisikia tone linapiga bati, ta, ta, nilikuwa namwona baba yuko humo ndani ameinama, amekumbatia magoti, anasikiliza. Nilitamani kufunua na sikuthubutu. Nikifunua nikamkuta, sawa. Nikifunua nisimkute je? Na muda wote kulikuwa na lile jingine la shuleni, ambalo halikuwa na karai la kulifunika. Kidole changu cha kuandikia nilikuwa nakifungia ndani ya ngumi, hata wakati wa kula.

Siku ya tatu ya kukosa, mchana, Mwalimu Zubeda alipanda mlima kuja kwetu. Viatu vyake vya mjini vilikuwa vimejaa matope mekundu. Alimsalimia cucu kwa heshima, akapewa kigoda na kikombe cha chai, akanywa bila haraka.

"Nimekuja kumwona mwanafunzi wangu," akasema. "Nasikia anaumwa."

"Haumwi," cucu akamjibu kwa Kiswahili chake kigumu. "Nimekataa. Wewe unafundisha watoto kuandika watu."

Mwalimu akaweka kikombe chini. Akalitazama karai, jiwe, na kile kiukuta changu cha udongo. Sijui alielewa kiasi gani, lakini hakucheka. Akaniita kwa mkono. Nikaenda, nikasimama karibu na goti lake, na kabla sijajua ninafanya nini nikamnong'onezea kwenye leso.

"Mwalimu, mimi nilimtikisa."

"Nani?"

"Baba. Kwa sahani."

Mwalimu akanishika ngumi, akaifungua polepole, kidole kimoja kimoja, akakipata kile cha kuandikia.

"Mimi kila mwaka namwandika baba ubaoni," akasema, "na kila mwaka namfuta na kitambaa. Huyo baba yangu leo asubuhi nimemwacha nyumbani analalamika chai haina sukari."

Nilitaka kucheka. Nilikuwa karibu kabisa kucheka. Lakini cucu alikuwa amesikia.

"Baba yako hakuandikwa na karani," akamwambia.

Mwalimu akasema, "Ni kweli, mama." Akamaliza chai yake, akasema sahani yangu iko, jivu lake halijaguswa na mtu, akashuka mlima akishikilia leso kwa sababu ya upepo. Cucu alimtazama mpaka akapotea. "Ana adabu," akasema. Lakini shule hakuitaja.

Ikapita wiki nzima hivyo. Mama aliuliza wapasuaji mbao sokoni, akaambiwa kuna mtu aliangukiwa na gogo, jina hawajui. Alituletea habari hiyo na viazi ambavyo havikununuliwa, akaketi mlangoni bila kufungua leso ya kichwani. Cucu alikuwa anasali kwa midomo tu. Mimi nilijua. Hakuna mtu aliyekuwa anajua isipokuwa mimi: nilikuwa nimeshika sahani pande mbili na kutikisa.

Jumamosi sikukaa ukutani. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikimkatia mbuzi majani, na ndiyo maana sikuona kofia. Nilichosikia ni sauti ya mtu akisema, "Huku ndani mmekufa wote?"

Nilikimbia nikazunguka nyumba. Baba alikuwa amesimama uani, amekonda, ana fimbo, na mguu mmoja umefungwa vitambaa vilivyokuwa vyeupe zamani. Gogo lilikuwa limemponda mguu, akalazwa hospitali ya Nanyuki. Alimtuma turniboi, msaidizi wa dereva wa lori, atupitishie habari, na turniboi akapitia pombe. Hayo tuliyajua baadaye. Wakati ule nilisimama tu. Sikuwa na hakika ni yeye au ni kile kilichofunikwa na karai.

"Maitu hanisalimii?" akauliza.

Mama alikuwa amemshika mkono. Cucu alikuwa mlangoni amejishika kwenye mwimo. Baba akajitazama, vumbi la kutoka Kiganjo mpaka kifuani, akasema ngoja kwanza anawe ule mguu mzima kabla hajaingia. Akaangaza macho akitafuta. Akaliona karai uani. Akatupa jiwe pembeni kwa fimbo, akainama, akalifunua.

Cucu alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba.

Nikatazama. Hapakuwa na neno. Palikuwa na udongo mkavu, njia nyembamba za mchwa zilizopita huku na huku, na jani moja lililoota bila jua, jeupe kama uzi. Sijui neno lilikwisha lini. Labda siku ileile ya kwanza. Cucu alikuja taratibu, akasimama juu ya kile kiduara cha udongo, akakitazama, akamtazama mwanawe, akakitazama tena.

"Mnatafuta nini?" baba akauliza, na karai bado liko mkononi.

"Wewe," cucu akasema.

Alimnawisha mwenyewe. Alichuchumaa na kumwaga maji ya vuguvugu kwenye ule mguu mzima, na akiwa pale chini ndipo alipomwambia yote, gunia, karani, mwalimu, jivu, bila kuinua uso. Baba alisikiliza. Nilidhani atacheka kama mama alivyocheka mwanzoni. Hakucheka. Aliuliza tu, "Na huyu hajaenda shule tangu lini?" Akasema Jumatatu nirudi.

"Atarudi," cucu akasema. Akafikiri kidogo, maji yakimchuruzika kwenye viganja. "Lakini asimwandike mtu peke yake. Pale uwanjani walitutenga mmoja mmoja. Aliye peke yake ndiye huchukuliwa." Akanigeukia. "Ukimwandika baba yako, andika jina letu kando yake. Mimi na wewe ni jina moja. Likiandikwa, ameshapata watu wawili."

Majina tulikuwa hatujafundishwa. Jumatatu nilimwendea Mwalimu Zubeda kabla ya kengele, nikamwomba anionyeshe uso wa jina langu. Aliliandika ubaoni kwa ajili yangu peke yangu, kubwa, nikalichora hewani kwa bega, nikaliandika kwenye jivu mpaka ncha ya kidole ikawa nyororo na kuuma. Lilikuwa jina refu, lenye mikunjo, na kila nilipofunga macho lilinipotea katikati. Sikutikisa. Nilipokosea nililaza jivu kwa kiganja, polepole, kama mtu anayempapasa mtoto alale. Kariuki akaniuliza, "Hiyo ni nini, nyoka?" Nikamwambia ni mimi na cucu yangu, na yeye ajaribu kututikisa aone.

Mguu wa baba ulipopona kiasi cha kuvaa kiatu, alirudi msituni. Aliondoka asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala shambani. Tuliangalia mpaka mabega yakazama, na kofia ikazama. Nikafagia udongo, nikaandika *baba*, na kando yake, nikiwa nimefumbua macho wazi kabisa, nikaandika lile jina.

Cucu aliinama kulitazama.

"Huyo ni mimi?"

"Ni sisi."

"Mbona tumekuwa warefu kumshinda?"

"Ndivyo tulivyo, cucu."

Hilo lilimpendeza. Akavuta kigoda chake, akakiweka pale pembeni, akaketi na ungo wake wa mahindi mapajani. Kisha akanisukuma mgongoni kwa kiganja, akaniambia niende shule, kuku atawafukuza yeye.